Uso wa Kitindamimba

Skana ilinguruma, ikanyamaza. Kwenye skrini likatokea shati la shule la kitindamimba, vifungo vyote, hadi kamba za viatu. Juu ya kola palikuwa peusi tii.

Kaka mtu aliuchomoa mkanda wa filamu ya kamera, akaupuliza, akaskani tena. Peusi vilevile. Picha nyingine zote ziliungua na nyumba, na kitindamimba mwenyewe wameshamzika.

Akauinua mkanda kwenye taa. Pale penye kichwa palikuwa pamekwanguka, kama sufuria iliyosuguliwa ikasuguka.

“Mama, mkanda huu aliushika nani?”

“Si mimi?” mama akajibu kutoka kitandani. “Ulikuwa na ukungu pale usoni. Nikausugua kwa maji ya moto na sabuni, taratibu, kama nilivyokuwa nikimwogesha.”

Kaka mtu akaushusha mkanda.

“Macho yake bado nayakumbuka,” mama akasema. “Mdomo ndio umeanza kunitoka. Katoka vizuri?”

“Katoka, mama.” Kiganja chake kilikuwa kimeifunika skrini.

Akasikia kitanda kikilia, kisha ndara zikija nyuma yake.

“Basi toa mkono, baba, nimwone,” mama akasema, akivaa miwani.