Jicho la Fundi Bausi

Kwa miaka thelathini, futi ya kupimia ilimning'inia Fundi Bausi shingoni kama pambo tu. Mafundi wengine wapime. Yeye mtu humtupia jicho mara moja, akakata.

Leo bwana harusi kaja kujaribu kanzu yake, na kanzu imemwishia magotini.

"Fundi, ndoa inafungwa alasiri hii!"

"Simama wima, mwanangu."

"Nimesimama, fundi."

Kwa mara ya kwanza Bausi akaivua ile futi, akampima toka begani hadi kifundo cha mguu. Akaisoma mara mbili. Jasho likamtoka. Kisha akashika mkasi, akaikata futi vipande viwili.

"Mbovu hii."

Akatandaza kitambaa kipya, akamtazama kijana kwa jicho moja, akaanza kukata.