Kikohozi cha Mbeyu

Siku hizi bangili ya mtoto huandika afya yake kila saa na kuipeleka Idara ya Afya. Sheria inamruhusu mama kuyafunga maandishi hayo kwa ufunguo wake, wasiyasome mpaka mwisho wa mwaka. Mtoto wa kikohozi huchukuliwa, na sijamwona aliyerudishwa.

Kufunga nilijifunza darasa la jioni. Programu hukata maneno vipande vya urefu sawa, kisha hukifunga kila kimoja. Mwalimu Mwakio alisisitiza tukichanganye kila kipande na kilichokitangulia. Lakini Mbeyu wangu alikuwa analilia ziwa, nami nikachagua njia fupi, kila kipande kivyake. Yalitoka mavurugu matupu. Nikajiona fundi.

Leo asubuhi dada wa Idara alipiga hodi. Mbeyu alikuwa mgongoni kwangu, amelala.

"Hatujasoma kitu, mama Mbeyu. Ufunguo ni wako."

"Sasa umefuata nini?"

Akanionyesha kioo cha simu yake. Kati ya mavurugu yale, kipande kimoja kilikuwa kimepigwa rangi nyekundu.

"Hiki kilikuwa kinakuja mara moja kwa wiki. Tangu juzi kinakuja kila saa. Hatujui kinasema nini."

Mimi nilijua. Neno lile lile, likifungwa kivyake, hutoka na sura ile ile. Kilisema: amekohoa.

"Labda ni kucheka," nikasema. "Anacheka sana huyu."

"Inshallah." Akavua viatu, akaketi mkekani. "Nipe maji tu, dada. Leo sina nyumba nyingine ya kukagua. Nitangoja aamke, nimsikie akicheka."