Nafasi ya Kwanza

"Soma nisikie, mwalimu," mzee alisema, kidole chake kilichotiwa weusi na majani chai kikibonyeza fomu ya chuo kikuu.

Mzee hakujua kusoma. Alitaka bintiye asomee unesi. Binti alikuwa ameandika uinjinia, tena kwa wino.

Jerusa, mwalimu wa ushauri wa kazi ambaye angemtafutia hata ng'ombe wa kijiji cha Boito nafasi chuoni, alihisi kiti kikimchoma. Binti, aliyesimama nyuma ya baba yake, alimkazia macho bila kupepesa.

"Nafasi ya kwanza," Jerusa akasoma, "unesi."

"Ni hili neno hapa?"

"Ndiyo, mzee."

Mzee akachukua kalamu mezani, akaanza kulinakili kiganjani, herufi moja moja, ulimi nje.

"Napitia hospitali ya Kaplong sasa hivi," akasema, "nimwonyeshe sista mkuu. Alidhani natania niliposema binti yangu atakuwa nesi."