Panya wa Kontena la Mianzi

Tulipofungua kontena la mianzi kutoka Asia, hapo ghalani katika mtaa wa St Marys, huku ugenini, panya mnene kama ndezi tunaowala kwetu Kivu alitutazama, kisha akajificha kati ya mianzi. Tangu Korona itufungie ndani nilikuwa nikila kuku wa friji tu. Huyu nilimwona tayari yuko sufuriani.

“Papa, tupigie serikali simu,” alisema Honorine, mfanyakazi mwenzangu anayeniita hivyo kwa heshima ya umri, akivuta barakoa yake.

“Ili serikali imle?”

Nikavua glavu, nikaingiza mkono mpaka begani, nikashika mkia. Ulikuwa baridi, ukanizunguka kifundo cha mkono. Nikafurahi, maana mnyama mwenye nguvu ana nyama.

Honorine alichungulia upande wa pili.

“Papa, usivute,” akasema polepole. “Panya wako yuko huku, anatafuna mwanzi. Wewe umeshika kitu cha kijani.”