Ulimi wa Hana

Jumapili hiyo tena Hana hakwenda kumwonyesha padre ulimi wake. Wenzake waliinuka, wakapiga magoti mbele ya altare, wakafumba macho na kufungua midomo. Yeye alibaki kwenye benchi, kichwa ameinamisha. Mume wake Manase, aliyekuwa upande wa wanaume, alimwona, na misa yote iliyobaki hakusikia neno.

Zamani pale Sepuka mtu asiyekomunika, asiyepokea hostia ulimini, alijulikana ana nini: ana dhambi ambayo hajaiungama. Watu walimtazama, wakasemezana kidogo, wakaenda kulima. Lakini hayo yalikuwa kabla ya kuja Padre Mchina.

Mwenyewe hakuwa Mchina. Alikuwa mzungu mzee mwenye ndevu, aliyekaa China karibu maisha yake yote mpaka serikali mpya ya huko ilipomfukuza, naye akaletwa Singida kumalizia uzee. Huko alikuwa amefundishwa na mganga mmoja kwamba kila kiungo kidogo kinatoa habari za mwili mzima. Ncha ya ulimi ni moyo, kingo zake ni ini, katikati ni tumbo, na nyuma kule ni figo. Na nani anaona ndimi nyingi kuliko padre, tena ndimi za watu ambao hawajaonja kitu tangu usiku?

Dina aliitwa baada ya misa, akaambiwa figo zake haziko sawa. Alipelekwa hospitali, akapona. Mzee Ezekieli yeye aliogopa kuambiwa. Aliacha kukomunika, kila akiulizwa anasema amechoka tu, na mtama haujavunwa wakamzika. Tangu hapo Sepuka nzima ilijua kwamba anayeficha ulimi anaficha ugonjwa.

Manase aliporudi kutoka kurina asali misitu ya Rungwa, alimkuta mkewe amebadilika. Hali vizuri, hacheki, usiku anageukia ukutani.

"Mama Leah, unaumwa wapi?"

"Siumwi."

"Mbona hukomuniki? Hata Pasaka hukwenda."

"Nimechoka tu, baba Leah. Niache."

Yalikuwa maneno yaleyale ya Mzee Ezekieli. Manase hakuuliza tena, akaanza kumpunguzia kazi. Alfajiri alichota maji mwenyewe, mchana alilima sehemu yake na ya mkewe, jioni alipiga magoti kwenye jiwe akasaga uwele. Wanaume kilabuni walimcheka, wakasema Manase kaolewa. Hakuwajibu, maana mtu aliyechoka kiasi kile hana hata nguvu ya kukasirika. Kuna siku alisinzia huku tonge la ugali liko mkononi. Lakini alimpenda Hana, na aliona heri kazi imuue yeye kuliko amzike mkewe.

Jirani yake Laurian peke yake hakucheka. Alikuja jioni moja wakakaa nje.

"Nitamleta padre hapahapa nyumbani," Manase alimwambia. "Siwezi kungoja tena."

"Usimsumbue mzee wa watu," alisema Laurian. "Mkeo akisema amechoka, basi amechoka."

"Hata Ezekieli alisema hivyo."

Laurian aliinuka, akaaga.

Padre alikuja kwa pikipiki, vumbi limemjaa ndevu. "Tumsifu Yesu Kristo," alisema mlangoni.

"Milele, amina," aliitikia Manase. Hana hakuitikia. Alikuwa amesimama kama mtu anayetafuta pa kupita.

"Usiogope, mama Leah," Manase alimwambia. "Kama ni kifo, bora tukijue wote wawili."

Padre alimkalisha juani kwenye kigoda. Alimshika kifundo cha mkono, akasikiliza mapigo. Akatazama kucha moja moja, akavuta kope la chini, akageuza sikio, halafu akamwambia atoe ulimi. Hana alimtazama mume wake, machozi yakamlengalenga. Kisha akautoa.

Manase alikuwa amesimama kwenye nguzo ya nyumba. Moyoni alikuwa ameshachagua ng'ombe wa kuuza kwa ajili ya hospitali, na kama haitoshi, atauza na wa pili. Padre alitazama, akamgeuza kidogo kufuata mwanga, akatazama tena.

"Ncha ni safi," alisema polepole. "Kingo ni safi. Katikati safi, nyuma safi. Manase, mke wako hana ugonjwa. Ni mzima kuliko mimi na wewe."

Manase alikaa chini palepale vumbini akalia. Uchovu wa miezi ile yote ulimtoka kwa mara moja, akacheka, akalia tena, akamshukuru Mungu kwa Kinyaturu kwa sababu Kiswahili hakikutosha. Hakuona kwamba padre hakucheka naye. Alipoinua kichwa, Hana alikuwa ameshaingia ndani.

Alimsindikiza mgeni mpaka kwenye pikipiki, akamfungia kibuyu cha asali nyuma ya kiti. Padre alikuwa akifuta miwani ambayo alikuwa ameshaifuta.

"Padre, najua nimekuchosha," alisema Manase, "ila nisaidie na hili moja. Mpitie jirani yangu Laurian, nyumba yake ni ile pale. Yeye na mke wangu waliacha kukomunika Jumapili moja, nilipokuwa Rungwa. Mwangalie ulimi, umtoe wasiwasi. Huenda naye anaogopa bure."