Mbwa wa Mama Berna

"Anatapika tangu Jumatano," alisema Mama Berna. "Hata maji hayakai."

Bwana mifugo Masalu hakuinua macho. Tangu apunguzwe kazini mwaka tisini na tano na kufungua duka la dawa za mifugo hapo Pasiansi, moyo wake ulikuwa umekufa ganzi. Ng'ombe akifa, sawa, akipona, sawa. Alifungua daftari akatafuta ukurasa wa mbwa wa huyu mama: jike, kilo arobaini na mbili, kifafa. Miaka miwili ya vidonge. Mbwa mwenyewe hakuwahi kuletwa dukani, maana mama alisema ni mkali, na Masalu hakuwa na hamu ya kung'atwa.

"Anaumwa wapi?"

"Hapa." Mama alijishika chini ya kifua. "Panamchoma mpaka mgongoni."

"Hilo ni kongosho. Vidonge vya kifafa vinamtuliza mbwa, lakini vinaweza pia kumvimbisha kongosho. Amekula mafuta?"

"Kidogo. Jumanne tulichinja mbuzi."

"Na vidonge? Unampa vilevile nilivyokuandikia?"

Mama alitazama mlangoni kabla ya kujibu. "Nimemwongezea. Jumamosi wanakuja watu wa posa ya Berna. Nisingependa aanguke mbele yao."

Masalu nusura acheke, jambo ambalo hakuwa amelifanya muda mrefu. Wahaya nao kwa makuu! Hata mbwa atafutiwe heshima mbele ya wakwe.

"Mama, nikwambie ukweli. Kongosho likishafika hapo, mbwa anateseka bure. Nitamchoma sindano alale moja kwa moja. Utapata mwingine."

Mama alishika kaunta kwa mikono miwili. Machozi yalimtoka bila sauti. Masalu alishawahi kuona wanaume wazima wakimlilia ng'ombe, lakini mbwa, hapana. Alisubiri amalize, kama mtu anayesubiri mvua ikatike.

"Njoo umwone kwanza," mama alisema. "Nakuomba, Daktari. Na usimwambie mtu."

"Nimwambie nani habari za mbwa?"

Alivuta dawa kwenye bomba la sindano palepale kaunta, kiasi cha kumtosha mbwa wa kilo arobaini na mbili, ili asipoteze muda huko mbele. Aliifunika sindano, akaitia mfukoni, akafunga duka. Walipanda njia ya mawe. Mama alitangulia haraka, na kila walipokutana na jirani alijifuta uso kwa ncha ya kitenge.

Walipoingia uani hakuna kilichobweka. Amezidiwa, Masalu aliwaza, na wazo hilo halikumsumbua hata kidogo. Sebuleni viti vilikuwa vimetandikwa vitambaa vipya vya kufuma kwa ajili ya wageni. Mama alimpitisha hapo hadi mlango wa chumba cha nyuma, akasimama mkono ukiwa kwenye kitasa.

"Nilishindwa kumpeleka hospitali," alisema. "Hapa mjini habari inafika ukweni kabla wewe hujarudi nyumbani."

Masalu hakumsikiliza. Alikuwa akitoa kifuniko cha sindano.

"Wewe mshike kichwa tu," alisema. "Hatasikia chochote."

Mama alifungua mlango.

"Shikamoo, Daktari," sauti dhaifu ilisema kutoka kitandani.