Kijiko cha Mama

Jikoni wanawake walikuwa wakichambua mchele wa hitima ya marehemu Bi Salme, mwaka mmoja tangu azikwe. Raya, binti yake mdogo, alikuwa ameshika kijiko cha mama yake huku akisimulia.

"Nilimdondoshea maji hivi, polepole. Kijiko kikamgonga meno, ti. Akameza, akatabasamu, akakata roho."

"Raya, mwanangu," jirani mmoja alisema kwa upole, "wewe si ulifika tumeshazika?"

Raya alikumbuka kaburi, udongo wake ungali mbichi.

"Lakini mlio wa kijiko nausikia kabisa," alisema. Kisha akamgeukia dada yake Mwanakheri, machozi yakimlengalenga. "Kumbe ni wewe uliyempa. Ulinihadithia kwenye simu. Nisamehe, dada, nimekuibia."

Mwanakheri hakuinua uso kutoka kwenye ungo. Alfajiri ya msiba alikuwa amelala chumba cha pili, hoi kwa kuuguza, na alipoamka alimkuta mama ameshapoa, midomo imemkauka. Maji, meno, tabasamu, vyote alivitunga kwenye simu ili mdogo wake asiumie sana.

"Lakini alikunywa, sivyo, dada?"

Mikono yote ilikuwa imesimama juu ya mchele.

"Alikunywa," alisema Mwanakheri.

Raya akamwekea kijiko kiganjani, kama mtu anayerudisha kitu kwa mwenyewe. Mwanakheri alikifumbata, kingali na joto la vidole vya mdogo wake, na kwa mara ya kwanza naye akausikia ule mlio: ti.